Chuo cha tiba ya viungo: kazi ipo, mkopo ndio unaokauka

MWEZI Februari 2019 Chuo Kikuu cha University of St. Augustine for Health Sciences cha Marekani kiliuzwa kwa dola milioni 400. Desemba 2024 chuo hicho hicho kiliuzwa tena, safari hii kwa takriban dola milioni 140. Kwa hesabu ya sokoni, bei imeanguka kwa karibu theluthi mbili katika muda usiofika miaka sita. Jambo la kushangaza ni kwamba katika kipindi hicho kazi wanayofundishwa wanafunzi wake imezidi kutafutwa.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1979 na Stanley Paris, mtaalamu wa tiba ya viungo mzaliwa wa New Zealand. Kilikua hadi kuwa na kampasi St. Augustine, Miami, Austin, Dallas na San Marcos, California. Biashara yake kubwa ni shahada za juu za tiba ya viungo, ambayo wengi huiita fiziotherapia, na tiba kwa vitendo, yaani ile inayomrudisha mgonjwa kwenye kuvaa, kupika, kuandika na shughuli nyingine za kila siku. Kampuni ya Laureate ilikinunua mwaka 2013, ikakiuza kwa Altas Partners ya Kanada, na sasa mwenye mali ni Perdoceo, kampuni ambayo hisa zake zinauzwa katika soko la Nasdaq.

Upande wa wateja hauna wasiwasi. Wizara ya Kazi ya Marekani imekadiria kuwa kati ya mwaka 2024 na 2034 ajira za tiba ya viungo zitaongezeka kwa asilimia 11, na za tiba kwa vitendo kwa asilimia 14. Wazee wanaongezeka, na nyonga na magoti ya bandia yanahitaji mtu wa kumfundisha mgonjwa kutembea upya. Isitoshe, tangu mwaka 2016 programu za tiba ya viungo zilizoidhinishwa nchini humo zote hutoa shahada ya udaktari wa fani hiyo, masomo ya takriban miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Kwa mwenye chuo, kanuni hiyo ilikuwa neema, kwani kila mwanafunzi alilazimika kusoma zaidi na kulipa zaidi.

Kasoro iko kwenye mshahara. Mei 2024 mshahara wa kati wa mtaalamu wa tiba ya viungo ulikuwa takriban dola 101,000 kwa mwaka, na wa tiba kwa vitendo takriban dola 98,000. Katika vyuo vingi vya binafsi ada ya shahada hiyo ya udaktari huvuka dola 100,000, kabla ya pango na chakula. Mhitimu anaanza kazi akidaiwa mshahara wa mwaka mzima au zaidi, kodi ikiwa haijakatwa. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga.

Arusi hiyo iligharamiwa na serikali. Mpango wa mikopo uitwao Grad PLUS ulimruhusu mwanafunzi wa shahada ya juu kukopa hadi gharama yote ya masomo, kiasi chochote chuo kilichotaja. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imeufunga mpango huo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Wanafunzi wa kawaida wa shahada za juu wamewekewa kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Wale wa fani zinazohesabiwa kuwa za kitaalamu, kama udaktari wa binadamu na sheria, wameruhusiwa 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Orodha ya fani hizo iliyokubaliwa na kamati ya kanuni Novemba 2025 haikuzitaja tiba ya viungo wala tiba kwa vitendo.

Hesabu ni rahisi. Dola 20,500 kwa miaka mitatu ni 61,500. Palipo na ada ya 100,000 kuna pengo la dola 38,500, ambalo mwanafunzi atalijaza kwa mkopo wa benki, na benki hutaka mdhamini. Mtoto wa mwenye nacho atampata. Mtoto wa mfanyakazi wa kawaida, ambaye angerudi kuhudumia mji wake mdogo, atabaki nje ya lango.

Soko hili limewahi kuonja kibano cha serikali. Sheria ya bajeti ya mwaka 1997 iliweka kikomo cha dola 1,500 kwa mwaka kwa tiba ya viungo ya mgonjwa wa nje anayelipiwa na Medicare, bima ya wazee. Kikomo kilipoanza kutumika mwaka 1999, ajira ziliyumba na waombaji wa vyuo wakapungua. Kilifutwa moja kwa moja mwaka 2018 tu. Wagonjwa walikuwapo muda wote. Aliyebana mkono ni mlipaji.

Kwa hiyo mwekezaji anayepima chuo kwa idadi ya kampasi anapima kivuli. Kila mwanafunzi wa tiba ya viungo anahitaji angalau wiki 30 za mafunzo kamili hospitalini au kliniki, na nafasi hizo hazizaliwi kwa kujenga jengo jipya. Vipimo vya kweli ni vitatu: ada ikilinganishwa na mshahara wa kwanza, wangapi wanafaulu mtihani wa leseni, na kliniki ngapi ziko tayari kuwapokea wanafunzi.

Perdoceo imenunua kwa bei ya busara. Aliyelipa milioni 140 ana nafasi ya kupunguza ada ambayo aliyelipa milioni 400 hakuwa nayo. Akiitumia, atapata wanafunzi na wagonjwa watapata wahudumu. Asipoitumia, mnunuzi wa nne ataikuta mali hiyo kwa bei ya chini zaidi.