Nani Anaziangalia Dawa Zetu?



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, mpakizi wa magunia mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, alifika katika ofisi ya tawi akiwa na barua mkononi na mfuko wa karatasi kwapani. Barua ilikuwa ya tajiri wake. Ilisema kwamba kwa kuwa anapata kizunguzungu kazini, na kwa kuwa ameanguka mara mbili karibu na lori, kampuni inafikiria kumwachisha kazi kwa sababu ya afya. Mfuko ulikuwa wa dawa. Alitaka tumjibie ile barua. Dawa alizileta tu kama ushahidi kwamba yeye si mlevi.

Tulizimwaga juu ya meza. Pakiti saba. Mbili alipewa katika dispensari ya kwao, tatu katika hospitali alikolazwa mwaka jana, na mbili alijinunulia kemisti kwa ajili ya mgongo. Katibu wa tawi, ambaye hakusomea dawa hata siku moja, alivaa miwani yake akasoma maandishi madogo. Akaona kwamba pakiti mbili, zenye majina mbalimbali na rangi mbalimbali, zina neno moja chini yake: losartani. Mwenzetu alikuwa akimeza dawa ile ile ya presha mara mbili kila asubuhi, kwa utii kamili, kama alivyoagizwa na watu wawili ambao hawajapata kuonana.

Tulimpeleka kwa mfamasia wa hospitali. Mama yule alikaa naye muda wa dakika arobaini. Alimwuliza anakula nini, anameza dawa saa ngapi, anapata maji ya kunywa kazini au hapati. Akampima presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Akaomba damu ipimwe kuona hali ya figo. Halafu akamwandikia daktari, na daktari akaondoa losartani moja na kukataza dawa ya mgongo, ambayo ilikuwa diklofenaki. Baada ya majuma matatu kizunguzungu kilikwisha. Tajiri alijibiwa kwa barua ya daktari, na mwenzetu sasa anapakia magunia kama zamani.

Watu wengine watasema: basi, jambo limekwisha vizuri. Sisi twasema limekwisha kwa bahati. Kama asingeandikiwa barua ya kuachishwa kazi, mfuko ule usingefunguliwa mbele ya mtu yeyote.

Sasa tuulize. Ni kazi ya nani kuona yote yaliyomo katika mfuko wa mgonjwa? Daktari wa hospitali aliona dawa zake. Muuguzi wa dispensari aliona zake, naye siku ile alikuwa na foleni hadi nje ya mlango: achanje watoto, afunge vidonda, agawe dawa, na kuandika vitabu, yote peke yake. Wa kemisti aliombwa dawa ya mgongo, akauza dawa ya mgongo. Hatumlaumu hata mmoja. Kila mtu alifanya sehemu yake, na mfanyakazi akaangukia katikati.

Na hatari iliyomo mfukoni mle wengi wetu hatuijui, basi tuieleze. Dawa za presha za jamii ya losartani na enalaprili hulegeza mshipa unaotoa damu katika vichujio vya figo. Dawa ya kukojoza, ambayo mara nyingi imechanganywa ndani ya kidonge hicho hicho cha presha, hupunguza maji ya mwili. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hubana mshipa unaoingiza damu katika vichujio hivyo. Kila moja peke yake yaweza kuwa dawa njema. Zikikutana zote tatu kwa mtu mmoja, figo hukosa msukumo wa damu, nazo zaweza kuharibika bila maumivu yoyote ya kumwonya mwenyewe. Anayefanya kazi juani na kutoka jasho kutwa bila maji ya kutosha yumo hatarini zaidi. Tena diklofenaki yenyewe yaweza kupandisha presha, hata mgonjwa akaongezewa dawa ya presha kwa sababu ya dawa ya mgongo. Tazameni kazi zetu. Ni nani kati yetu asiyeumwa mgongo? Na presha si ya wachache: uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne katika Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani.

Kuna nchi ambazo kazi hii ya kuangalia mfuko mzima imepata mwenyewe. Uingereza, tangu mwaka 2006, mfamasia aliyepata mafunzo maalum ameruhusiwa na sheria kuandika dawa yeye mwenyewe. Mwaka 2015 idara ya afya ya taifa huko ilianza kuwaweka wafamasia ndani ya vituo vya madaktari wa mitaa, si nyuma ya kaunta ya duka, bali katika chumba chenye kiti cha mgonjwa. Mwaka 2019 vituo viliunganishwa kuwa mitandao, kila mmoja kwa kawaida wa watu 30,000 hadi 50,000, na fedha za kuajiri wafamasia zikatengwa. Yule wa daraja la juu kati yao ana wagonjwa wake wa presha, sukari na pumu. Mtu akitoka hospitali, yeye hulinganisha dawa za hospitali na za nyumbani kabla mambo hayajachanganyika. Hupunguza dozi, huongeza, na mara nyingine kazi yake kubwa ya siku ni kufuta dawa ambayo mzee ameimeza miaka kumi bila mtu kukumbuka ilianza kwa nini. Huomba vipimo vya damu. Hufundisha wenzake wadogo, na makosa ya kituo huyatafuta yeye kabla hayajamwua mtu.

Je, inasaidia? Uchunguzi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Nottingham na kutangazwa mwaka 2012 ulichukua vituo 72 vyenye wagonjwa 480,942. Vituo vingine vilipewa orodha tu ya wagonjwa wanaomeza dawa kwa hatari, iliyotolewa na kompyuta. Vingine vilipewa orodha pamoja na mfamasia wa kuifuatilia. Miezi sita baadaye makosa yalikuwa machache zaidi pale penye mfamasia. Makosa yenyewe si mageni kwetu: mtu aliyepata vidonda vya tumbo kupewa dawa za maumivu bila kinga, mwenye pumu kupewa dawa ya moyo inayobana kifua, mzee kumezeshwa dawa za presha muda mrefu bila damu yake kupimwa.

Mfano mwingine ulituchekesha mwanzoni. Katika mji wa Los Angeles, Marekani, wataalamu waliona kwamba wanaume weusi wenye presha hawaendi kliniki, lakini kunyolewa wanakwenda. Basi wakapeleka wafamasia kwa vinyozi. Maduka ya kunyolea 52, wanaume 319. Katika maduka ya kundi moja, kinyozi aliwahimiza wateja wake wamwone daktari na kutunza afya. Katika maduka ya kundi la pili, mfamasia alifika mwenyewe, akawapima pale pale kitini na kuwapa dawa kwa mapatano na madaktari wao. Baada ya miezi sita, nambari ya juu ya presha ilishuka kwa 9 katika kundi la kwanza, na kwa 27 katika kundi la pili. Waliofikia presha chini ya 130 kwa 80 walikuwa kama 12 katika kila mia kwa kundi la kinyozi peke yake, na kama 64 katika kila mia palipokuwa na mfamasia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Hapo tuliacha kucheka. Mfanyakazi hakuhubiriwa, alifuatwa mahali alipo, na mtu mwenye ujuzi na uwezo wa kubadili dawa.

Lakini sisi ni chama cha wafanyakazi, na hatuwezi kusifu kitu bila kutazama upande wake wa pili. Fedha za Uingereza za mwaka 2019 zililipa mshahara wa mfamasia na wa kada nyingine, lakini hazikuruhusiwa kulipa daktari. Basi ikatokea kwamba madaktari wa mitaa waliohitimu walikosa kazi, huku wagonjwa wakilia kwamba hawapati daktari, mpaka Oktoba 2024 serikali ilipobadili kanuni ili madaktari wapya nao waajiriwe kwa fedha hizo. Maduka ya dawa nayo yalilalamika kwamba wafamasia wao wamechukuliwa. Twajua mchezo huu. Tajiri yeyote akiona watu wawili wanaweza kusaidiana, hutafuta namna ya kumlipa mmoja. Tunapomtaka mfamasia hatumtaki badala ya daktari, wala badala ya muuguzi. Twamtaka juu yao.

Hapa kwetu msingi umekwisha kuwekwa. Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 inataka mitandao ya afya ya msingi, dispensari na vituo vya afya vikiunganishwa na hospitali iliyo juu yao. Wahamasishaji wa afya wa jamii zaidi ya laki moja wamepewa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Ni jambo jema. Lakini fikirini: watakapogundua maelfu ya watu wenye presha, watu hao watapewa dawa, na zile dawa nani atazipitia? Mashine itaongeza mifuko tu.

Wala wenye ujuzi si kwamba hawapo. Mfamasia wa Kenya husoma chuo kikuu miaka mitano, kisha hufanya kazi ya mafunzo mwaka mmoja, na Chuo Kikuu cha Nairobi kinatoa shahada ya uzamili katika famasia ya hospitalini, ile ya kitandani pa mgonjwa. Tena ni wafanyakazi wenzetu. Chama chao, ambacho ni cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno pamoja, kiligoma siku 56 mwaka 2024, na moja ya sababu kubwa ilikuwa kwamba mkataba wa mwaka 2017 uliweka malipo ya walio katika mafunzo kuwa shilingi 206,400 kwa mwezi, na serikali ikataka kuwalipa 70,000. Anayeambiwa leo kwamba nchi haina wafamasia wa kutosha katika dispensari na akumbuke mabishano hayo.

Wakisema fedha hakuna, tutawaonyesha hati zetu za mishahara. Tangu Oktoba 2024 kila mmoja wetu anakatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 kwa bima ya afya ya jamii. Hatuombi sadaka.

Madai yetu kwa kaunti ni kwamba kila mtandao uwe na mfamasia mmoja wa daraja la juu, mwenye chumba, mwenye ruhusa ya kuona kumbukumbu zote za mgonjwa, na aliyeajiriwa kwa kazi ya kudumu, si kwa mkataba wa miezi sita. Kwa matajiri, katika mazungumzo ya mkataba yajayo tutaweka kifungu kwamba mfanyakazi mwenye ugonjwa wa kudumu apitiwe dawa zake na mfamasia angalau mara moja kwa mwaka, ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Na hakuna mtu kuachishwa kazi kwa ugonjwa kabla dawa zake hazijapitiwa. Hata sasa kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chasema kwamba kabla mtu hajaachishwa kwa kushindwa na mwili wake, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mjumbe wa chama mbele yake. Ukiitwa ofisini kwa jambo la afya, usiende peke yako, na beba dawa zako.

Jambo la mwisho ni la haraka. Mtu asiache dawa yoyote kwa sababu ya kusoma karatasi hii. Kuacha dawa ya presha ghafla kwaweza kukuangusha kuliko kizunguzungu. Ila katika mkutano ujao wa tawi kila mwenye dawa za kila siku na aje na zote, hata za kemisti, hata zile za kienyeji anazoziona aibu kuzitaja. Mfamasia atakuwapo. Wajumbe wa kazini waandike idadi tu ya wanaotumia dawa za presha na sukari katika kila sehemu ya kazi, bila majina, na hesabu hizo zifike makao makuu kabla ya mazungumzo ya mkataba kufunguliwa.