Tusiwaambie "Vumilieni"



Katika jumuiya zetu ndogondogo, kuanzia Kibiti mjini hadi vijiji vya delta ya Rufiji, wapo mabinti ambao kila mwezi hujikunja kwa maumivu ya hedhi hata wakakosa masomo. Nasi tumezoea kuwapa majibu matatu: ni chango tu, ni msalaba wako, vumilia, ukizaa utapona. Twasema wazi kwamba majibu hayo yanawaumiza.

Maumivu ya namna hiyo yaweza kuwa dalili ya endometriosisi, yaani tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 190 wanao ugonjwa huu. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, ameusema hadharani baada ya kuugua miaka mingi. Dawa ya kuumaliza kabisa haijapatikana, na kuzaa si tiba yake; wengine huwanyima hata huo uzazi. Lakini zipo njia za kuutuliza: dawa za maumivu, vidonge vya homoni, na upasuaji wa matundu madogo.

Wakisikia vidonge, baadhi yetu hupaza sauti: "Dhambi! Hivyo ni vya uzazi wa mpango!" Ndugu, tusilisingizie Kanisa. Papa Paulo VI, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, namba 15, alifundisha kwamba tiba inayohitajika kuponya mwili si haramu hata ikizuia uzazi, mradi kuzuia huko kusiwe ndilo kusudi lenyewe. Anayemkataza mgonjwa dawa kwa jina la waraka huo hajausoma.

Yule mwanamke wa Injili (Mk 5:25-34) alitokwa damu miaka 12. Bwana hakumwambia avumilie. Alimwita binti, akamponya.

Basi wazazi, wapelekeni mabinti hospitali. Anayetoka visiwa vya delta huanza safari kwa boti kabla ya kufika Kibiti, na huenda akapewa rufaa hadi Muhimbili. WAWATA na jumuiya zote, tunaochangia harusi kila mwezi, tuchangie na nauli hiyo. Kumbebesha mgonjwa msalaba ambao tungeweza kumpunguzia si ibada.

Mungu awabariki.