Leja ya wingu sasa yamfaa mkamuaji alizeti

Kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mkoani Singida hakifanyi kazi mwaka mzima. Mbegu mpya huanza kuingia Mei, magunia hujaa hadi barazani na mizani haipumziki. Baada ya miezi michache mbegu huadimika, viwanda vingi hufunga milango, na kinachobaki ni mlinzi, mashudu kidogo na madeni. Kwa kipimo cha hali hiyo, safu hii inaitazama bidhaa ambayo wafanyabiashara wetu wengi wameiachia mabenki na kampuni za simu: kanzidata ya kukodi kwenye wingu.

Kwa faida ya wasioifahamu, kanzidata ya aina hii huweka kumbukumbu katika majedwali yanayofungamana. Jedwali la wakulima huungana na la mizani, nalo huungana na la malipo, hivyo ni vigumu gunia moja kulipwa mara mbili. Mwenye wingu hutunza mashine, hurekebisha programu na huweka nakala. Mteja hulipia matumizi. Amazon walianza kukodisha huduma hiyo mwaka 2009 kwa jina la RDS. Google na Microsoft nao wanazo zao.

Kikwazo kwa mkamuaji kilikuwa bei. Mashine ya kukodi hulipiwa iwe inafanya kazi au imekaa bure. Hata Aurora Serverless v2 ya Amazon, iliyoingia sokoni mwaka 2022 ikisifiwa kwa kupanda na kushuka kufuatana na kazi, haikushuka chini ya nusu ya kipimo kimoja. Kwa bei ya Virginia, Marekani, kipimo hicho ni senti 12 za dola kwa saa. Nusu yake kwa saa 730 za mwezi ni karibu dola 44. Kiwanda kikifungwa miezi sita, ni dola zaidi ya 260. Kwa dola ya shilingi 2,500 ni kama shilingi 650,000 za kulinda leja ambayo hakuna anayeifungua.

Novemba 2024 Amazon waliondoa kiwango hicho cha chini. Leja isipoguswa kwa muda uliopangwa, kuanzia dakika 5 hadi saa 24, hulala na malipo ya mashine husimama. Yanabaki malipo ya kuhifadhi kumbukumbu, ambayo kwa kiwanda kidogo si ya kutisha. Ikiguswa huamka kwa sekunde kama 15, na karani wa mizani anaweza kuzisubiri. Tahadhari: programu ya uhasibu iliyoachwa wazi ofisini, ikiendelea kushika mawasiliano na kanzidata, huizuia isilale, na mita husoma usiku kucha.

Kuna faida nyingine ambayo kwa maoni yetu inazidi hata bei. Huduma hizi huweza kuirudisha leja ilivyokuwa dakika fulani, hadi siku 35 nyuma. Mhasibu akifuta kwa bahati mbaya malipo ya wakulima wa kata nzima siku ya Jumanne, Jumatano yanarudi. Mkamuaji anayetegemea kompyuta moja, na nakala yake kwenye flashi iliyo ndani ya droo ya meza hiyo hiyo, hana usalama huo.

Hata hivyo, mizani isihamie winguni. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika na intaneti ikadorora nchini, wakati mbegu ndiyo kwanza zinaingia. Mzigo upimwe na kuandikwa kwenye kompyuta ya kiwandani, kisha kumbukumbu zipelekwe kwenye leja mtandao ukiwapo. Mtengeneza programu asiyeweza kufanya hivyo asipewe kazi.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Majina na simu za wakulima ni taarifa binafsi, na kuzipeleka nje ya nchi, hata Cape Town ambako Amazon wana kituo tangu 2020, kuna masharti yake.

Kinachoumiza zaidi ni dola. Mwaka 2024 shilingi ilivuka 2,600 kwa dola moja, na ankara ya wingu ikapanda bila mkamuaji kuongeza gunia hata moja. Mafuta yake anayauza kwa shilingi. Serikali ilijenga Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama, Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa umefika Singida. TTCL, wanaokiendesha kituo hicho, wawauzie wenye viwanda vidogo kanzidata inayolala kama hiyo, kwa bei ya shilingi iliyotangazwa na inayolipika kwa simu. Maafisa wao wakitembelea wakamuaji kabla ya Mei watawakuta na nafasi ya kusikiliza. Baada ya hapo kila mtu yuko kwenye mizani.