WEMBE USIWE ULE ULE

Wahenga walitwambia kwamba ukiona mwenzako ananyolewa, nawe zako tia maji. Walimu wetu hutufundisha kwamba hiyo ni methali ya kujitayarisha kwa yatakayotufika. Ni kweli. Lakini leo nataka kuichukua jinsi ilivyo, maji yawe maji na wembe uwe wembe, maana katika mabweni yetu wapo wengi wanaonyoa bila tone la maji, tena kwa wembe uliokwisha kupita mashavuni mwa wengine wanne.

Nitaanza na kisa. Muhula wa pili mwaka jana, Jumatatu moja asubuhi, tulikuwa gwarideni. Mwalimu wa zamu akapita mstari kwa mstari akitazama videvu. Kumi na mmoja tulitolewa mbele, tukapewa dakika kumi tuwe tumerudi safi. Watu kumi na mmoja, wembe mmoja! Nao haukuwa hata wembe wa ndevu. Ulikuwa wa jamaa mmoja wa kuchongea penseli za michoro ya biolojia, umevunjwa katikati, nusu yake imeshikwa kwa kipande cha karatasi. Tukapanga foleni kwenye mfereji. Mimi nilikuwa wa saba. Aliyenitangulia alijikata kidogo chini ya kidevu, akaupangusa wembe kwa suruali yake, akanipa. Nami nikanyoa. Ungefanyaje? Dakika zilikuwa zinayoyoma na shamba la shule lilikuwa linanisubiri na jembe lake.

Baada ya siku tatu shingo yangu ilikuwa imefura vipele, vingine vina usaha. Muuguzi aliponiuliza nilitumia wembe wa nani, nikakosa jibu, maana ulikuwa wa kila mtu. Alinitazama kimya, kisha akaniambia niende hospitali nikapimwe damu, na nirudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu sikuwa nasoma; nilikuwa nafungua kitabu tu. Nashukuru Mungu majibu yalikuwa mema. Ila hofu ile sitaki imfike mwenzangu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Timu inaposhinda mechi baada ya mechi, mashabiki hujigamba kwamba wembe ni ule ule. Uwanjani ni sawa. Bwenini si sawa hata kidogo. Maoni yangu ni mawili. Kwanza, kila mwenye ndevu awe na mashine yake mwenyewe ya kunyolea, na aichague kwa akili. Pili, shule ibadilishe namna inavyotuamuru kunyoa.

Wapo watakaosema natia chumvi. Basi tuseme ukweli bila kutisha watu. UKIMWI, ambao Rais Daniel arap Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa mwezi wa Novemba mwaka 1999, hauenezwi hasa kwa wembe wa kunyolea. Virusi vyake havidumu sana nje ya mwili. Lakini damu mbichi kutoka kidevu hadi kidevu katika dakika moja si jambo la kuchezea. Tena kuna homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata pale ambapo jicho halioni damu yoyote. Ongeza usaha na choa, hayo ambayo kila bweni linayajua. Wembe hauna haja ya kuonekana mchafu ili uwe mchafu.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe. Zamani mwanamume alinyoa kwa wembe wa kukunja, au alikwenda kwa kinyozi na kumwachia koo lake. Mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe huko Marekani walipata hataza ya mashine yenye kinga mbele ya makali. Kisha akaja King Camp Gillette, mchuuzi aliyekuwa akizunguka na bidhaa, akawaza: kwa nini wembe unolewe kila siku? Kwa nini usiwe mwembamba, wa bei nafuu, ukiisha makali unatupwa? Wajuzi walimwambia chuma chembamba vile hakiwezi kutiwa makali. Mhandisi mmoja, William Nickerson, akaipata njia. Mwaka 1903 kampuni yao iliuza mashine 51 tu na nyembe 168. Mwaka 1904 Gillette akapata hataza. Na mwaka 1918, katika Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya Marekani iliagiza mashine zaidi ya milioni 3 kwa ajili ya askari wake, ili kila mmoja awe na yake. Hebu fikiri: askari kwenye mahandaki ya Ufaransa, matope hadi magotini, ana mashine yake. Sisi wenye mabweni ya mawe na vitanda vya chuma tunagawana nusu wembe!

Mimi nimetumia aina nne, na nitazieleza kama nilivyozijua.

Ya kwanza ni wembe mtupu, ule wa mkononi. Huu sitaki kuuzungumzia sana. Hauna kinga, hauna mpini, na mkono ukitetemeka umekwisha. Ni wa kukatia nyuzi na kuchongea penseli. Wacha ubaki huko.

Ya pili ni ule wa plastiki wa kutumia na kutupa. Kampuni ya Bic ya Ufaransa iliuleta sokoni mwaka 1975, na leo umejaa kila duka. Uzuri wake ni bei. Ubaya wake ni kwamba ni mwepesi kama unyoya, kwa hiyo mtu hulazimika kuukandamiza usoni ndipo ukate, na hapo ndipo ngozi inapochubuka. Halafu, nani kati yetu huutupa? Huutumia muhula mzima, kisha akaurithisha mtu wa kidato cha pili. Rahisi yavunja upishi, wanasema.

Ya tatu ni mashine zenye kichwa cha kubandika, nyembe mbili au zaidi zikiwa zimepangwa pamoja. Kampuni ya Gillette ilitoa ya nyembe mbili mwaka 1971, na tangu hapo zimeongezeka. Watu huziona ni za kisasa. Lakini ndugu yangu, tazama nywele zetu: ni za kipilipili. Wembe wa kwanza huuvuta unywele juu, wa pili huukata, kisha unywele hurudi chini ya ngozi. Unapoota tena, ncha yake ni kali na umejikunja, basi hujichoma ndani ya ngozi yenyewe. Hivyo ndivyo vile vipele vya shingoni tunavyovikuna darasani. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka mashine hiyo huenda ikamfaa. Kwangu mimi ilikuwa balaa, na kichwa kimoja cha kubadilisha hugharimu pesa ambazo zingeninunulia mandazi ya wiki nzima.

Ya nne, na hii ndiyo kipenzi changu, ni mashine ya chuma inayotiwa wembe mmoja wenye makali pande mbili. Babu yangu alinipa yake likizo ya Agosti, baada ya kusikia habari za shingo yangu. Ni Gillette ya aina iitwayo Tech, ambayo ilianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Ina vipande vitatu tu: kofia, sahani na mpini. Unaweka wembe katikati, unakaza mpini, na wembe unapinda kidogo kufuata umbo la kofia. Kinachochungulia nje ni makali tu, na mbele yake pana ukingo wa chuma unaolainisha ngozi kabla ya wembe kufika. Basi! Hakuna plastiki, hakuna springi, hakuna cha kuharibika. "Hii ilininyoa siku ya arusi yangu," babu aliniambia. Aliichemsha kwa sufuria mbele yangu, nami nikatia wembe mpya.

Mjomba wangu naye ana Merkur, iliyotengenezwa Solingen, Ujerumani, mji wa visu na makasi. Hiyo ina kitasa cha kuzungusha chenye namba 1 mpaka 5. Ukipandisha namba, wembe hujitokeza zaidi. Aliniachia niijaribu, nayo pia tuliitokosa kwanza, msije mkasema nami naazima. Kwenye namba 1 ilikuwa laini. Nikaona mimi ni mwanamume, nikaipandisha hadi 4. Lo! Nilitoka na mistari kama daftari. Ni mashine nzuri, lakini ni ya mtu mzima mwenye ndevu nzito na mkono uliozoea, na bei yake si ya mwanafunzi. Zipo pia zenye meno kama kitana mahali pa ukingo. Hizo hupitisha ndevu ndefu vizuri, ila kwa anayeanza naona zinauma upesi.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua, angalia mambo matatu. Uzito: iwe nzito kiasi, ili uzito wake ndio unyoe, si nguvu ya mkono wako. Mwanya kati ya wembe na ukingo: uwe mdogo. Mpini: uwe na mikwaruzo, usiteleze penye povu. Mashine za vipande vitatu zinazofanana na ya babu hutengenezwa India na China hadi leo, na si lazima iwe ya jina kubwa.

Tufanye hesabu, maana najua mzazi atauliza. Wengi wetu twanyoa mara moja kwa wiki. Wembe mmoja hunyoa vizuri mara nne. Paketi ya nyembe tano, kwa hiyo, hukupeleka wiki ishirini, na muhula mmoja haufiki wiki kumi na tano. Paketi moja kwa muhula! Mashine yenyewe unainunua mara moja, na kama babu yangu ni ushahidi, utamwachia mjukuu.

Namna ya kunyoa nitaisema kwa kifupi. Nyoa baada ya kuoga, ndevu zikiwa zimelowa. Tia povu la sabuni ya kuogea; ile ya kufulia hukausha ngozi. Shika mashine kwa mshazari, usikandamize, usivute ngozi, na fuata zinakoelekea ndevu. Usitafute ulaini wa yai. Ukibakisha kivuli kidogo, vipele vitakukosa. Malizia kwa maji baridi. Damu ikitoka, jiwe la shabu hulizuia jeraha lisitoe zaidi, nalo pia liwe lako peke yako.

Nanyi kina dada msicheke. Wembe wa kukatia kucha na wa makwapani nao huzunguka bwenini kwenu, tunasikia.

Sasa niwageukie walimu wangu, kwa heshima zote. Najua kwa nini nyembe haziruhusiwi katika masanduku yetu. Wembe huweza kumdhuru mtu katika ugomvi, na huweza kumdhuru mwenye nao akiwa na huzuni. Sipingi hilo. Lakini kutukataza kuwa na wembe, kisha kutuamuru tunyoe kwa dakika kumi, ni kama kumfunga mtu mikono na kumwambia apige makofi. Matokeo yake ni wembe wa magendo, nao ni mmoja, na hupita kila kidevu. Amri ile ilikuwa ya kutufanya safi, kumbe ndiyo iliyotuchafua.

Mbona tusifanye hivi? Kila bweni liwe na kabati yenye kufuli, ufunguo ukae kwa mwalimu wa bweni. Humo kila mmoja aweke mashine yake na nyembe zake, jina limeandikwa. Kabati ifunguliwe Jumapili alasiri, tunyoe mbele ya mwalimu, kisha vihesabiwe na kufungiwa. Wembe uliokwisha makali utiwe katika kopo lililotobolewa kifuniko, muuguzi alichukue likijaa. Na yule ambaye ngozi yake haivumilii wembe kabisa, muuguzi ampe cheti, aruhusiwe kupunguza ndevu kwa makasi bila kutolewa mbele ya gwaride. Hayo hayagharimu shule zaidi ya kabati na kopo.

Nasi wanafunzi tusingoje kila kitu kutoka ofisini. Mwenzako akikuomba wembe uliotumia, mnyime. Si uchoyo huo, ni urafiki. Ukiwa na mpya kwenye paketi, mpe mpya awe nao moja kwa moja.

Waswahili husema mtoto akililia wembe, mpe. Maana yake, umwache akatwe ndipo ajifunze. Walimu wetu, sisi tumekwisha kukatwa, na tumejifunza. Tunaulilia tena. Tupeni, lakini safari hii kila mtu na wake.