KAMERA UMEBEBA, NEGATIVU UMEMWACHIA NANI?

Mjini kwa sasa kama huna kamera ya zamani shingoni, bado hujawa mjanja. Staa mmoja wa Bongo Fleva kaiweka kwenye kava la wimbo wake mpya. Mrembo mmoja wa matangazo kaitundika kifuani akinywa kahawa Masaki. MC mmoja wa maharusi kazipanga saba sebuleni kwake kama makombe ya ligi. Yule staa ndiye kachekesha zaidi: kafumba jicho moja, kakunja sura, anajifanya analenga, kumbe kifuniko cha lenzi hakijatolewa. Wadau wakala naye sahani moja siku nzima.

Ya staa yaishe, ni utani wa mjini. Ishu yenyewe ipo kusini, kati ya Nachingwea na Ruangwa, na hiyo haichekeshi.

Iko hivi. Kuna kijana mmoja wa Dar anauza kamera za zamani Insta, wafuasi anao wa kutosha. Alikwenda Nachingwea harusini, akasikia kuna babu mmoja aliyekuwa na studio ya picha miaka hiyo. Akamfuata. Shikamoo babu, marahaba, stori mbili tatu, babu akatoa mzigo: Yashica MF-2 moja, ile nyeusi yenye flashi waliyokuwa nayo wapiga picha wengi wa mtaani, Zenit moja ya Mrusi nzito kama tofali, na kimkoba cha ngozi kilichoandikwa jina la studio kwa rangi ya kucha. Vyote elfu sitini.

Babu akarudi ndani. Akatoka na makopo matatu ya maziwa ya unga, yamejaa negativu, ule ukanda wa kahawia ambao sura zote zinaonekana kinyume, nywele nyeupe na meno meusi. Akasema, "Chukua na hizi, mjukuu wangu. Hizi ndizo zenye watu." Kijana akacheka, "Babu, hizo hazina soko."

Hakuna anayemsingizia. Alijirekodi mwenyewe kwa simu, akaposti mwenyewe, akaweka na kieleweshi cha moto moto: mzigo mpya kutoka kusini. Yashica peke yake ikaondoka kwa laki mbili na nusu.

Sasa chini ya ile posti akatokea dada mmoja wa Ruangwa, fundi cherehani. Alichokiona yeye siyo kamera, ni ule mkoba. Jina la studio alilijua, maana liligongwa mhuri nyuma ya picha moja ya mama yake iliyokuwa kwao kabla nyumba haijaungua. Mama alifariki dada huyu akiwa na miaka miwili. Picha ikaenda na nyumba. Akauliza kwa adabu zote: samahani kaka, hizo picha za zamani za huyo mzee zipo? Jibu alilopewa: "Dada, nauza kamera, siuzi albamu." Na viemoji vitatu vya kicheko.

Dada akafunga duka, akapanda gari kwenda Nachingwea.

Kabla ya kusema alichokikuta, ieleweke kwanza kwa nini yale makopo yana uzito kuliko kamera zote zilizotoka kwenye ile nyumba. Waliozaliwa na simu mkononi huenda hawajui biashara ya picha ilivyokwenda. Filamu moja ya kawaida ilitoa picha 36, basi. Mpiga picha anafungua studio asubuhi, msimu wa korosho ukifika anafunga kamera kwenye baiskeli anafuata watu vijijini: harusi, mahafali, mnada, jando. Anapiga, filamu inapelekwa kusafishwa, zinarudi. Mteja naye anachagua. Mwenye hela ya picha moja anachukua moja, hata kama alipigwa tano. Harusi ya picha 36 huenda zilisafishwa kumi tu kwenye karatasi. Zilizobaki hazikuwahi kuingia kwenye albamu ya mtu yeyote. Zilibaki kwenye negativu.

Maana yake, albamu inaonyesha waliolipa. Negativu inaonyesha waliokuwepo.

Ndiyo maana kijana aliposema hazina soko alikuwa sahihi kwa upande mmoja tu. Soko la Insta kweli hazina. Lakini kamera ile Yashica zilitengenezwa nyingi, utaipata nyingine kesho, Kariakoo au Nairobi au mtandaoni. Negativu ya harusi ya Ruangwa ipo moja duniani. Ikiungua, haijatengenezwa nyingine.

Na Nachingwea siyo mahali pa kuchezea hili, kwa sababu Nachingwea imeshachukuliwa picha zake mara mbili. Mara ya kwanza ni enzi za Mwingereza, ule mradi wa karanga ulioanza 1947. Matrekta, kambi za wazungu, reli kutoka Mtwara, mbwembwe zote, halafu 1951 serikali ya Uingereza ikakubali kuwa imeshindwa. Reli nayo ikafungwa miaka ya 60. Mradi ule ulipigwa picha na filamu za habari kwa ajili ya kuonyeshwa Uingereza, na picha zilikokwenda ndiko ziliko.

Mara ya pili ni enzi za ukombozi. FRELIMO ilikuwa na kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi hapo hapo Nachingwea, Samora Machel akiwa mmoja wa wakubwa wake, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975. Kipindi kile watengeneza filamu kutoka nje walikuwa wanakuja na kamera za sinema za milimita 16. Zipo kama Bolex ya Uswisi ambazo hazihitaji hata umeme: unazungusha ufunguo kama saa ya mezani, inakwenda karibu nusu dakika, unazungusha tena. Mkanda wa futi 100 haufiki hata dakika tatu. Kila sekunde ni hela, kwa hiyo mtu anafikiria kabla ya kubonyeza. Mwanasheria mmoja wa New York, Robert Van Lierop, alipita Tanzania akaingia msituni Msumbiji, akatoka na filamu ya A Luta Continua, 1972. Kuna hata filamu ya Kiyugoslavia ya katikati ya miaka ya 70 iliyoitwa kabisa Nachingwea.

Haya, jiulize ni vijana wangapi wa Nachingwea wameiona filamu yenye jina la kwao.

Hapo ndipo palipo na maumivu. Picha kubwa za kusini, zile za historia, zilipigwa na wageni na zinatunzwa na wageni. Zilizobaki nyumbani ni hizi ndogo, za babu wa studio: bi harusi wa Ruangwa mwenye hina, mchezaji wa timu ya kijiji na mpira wa kuazima, mama amesimama mbele ya pazia lililochorwa ndege. Hizi nazo tukiziacha kwenye makopo kwa sababu hazina soko, tutakuja kulia kwa nani?

Na huko kwingine wamethibitisha kuwa soko lipo, ni muda tu. Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio 1948, akapiga watu wa mtaani kwake, akatunza negativu zake miaka na miaka baada ya studio kufungwa. Miaka ya 90 Ulaya na Marekani wakazigundua, leo picha zake zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa duniani. Angekuwa kauza kamera na kuchoma negativu, asingejulikana nje ya mtaa wake. Karibu zaidi, Kampala: mwaka 2015 kwenye stoo ya shirika la utangazaji la Uganda yalikutwa makabati ya negativu za enzi za Idi Amin, kama 70,000 hivi, na 2019 zikafanyiwa maonyesho Makumbusho ya Uganda. Karibu kabisa, Zanzibar, Mji Mkongwe: Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza 1930, mwanawe akaiendeleza, na watalii wakawa wanaingia kununua picha za Unguja ya zamani. Huyo ni mtu wa hapa hapa, kala kwa kazi ya baba yake kwa sababu hakuitupa.

Wapo watakaosema kijana wa Dar anaonewa. Biashara ni biashara, babu aliuza kwa hiari, na kama siyo yeye zile kamera zingeishia kwa wanunua chuma chakavu. Ni kweli, hapo apewe haki yake. Kamera iliyouzwa kwa mtu atakayeitumia ni bora kuliko kamera iliyooza stoo na lenzi imeota ukungu. Hata kuuza kwa faida siyo dhambi, nauli katoa yeye.

Kosa lake liko kwenye lile jibu. Mzee alimwambia kwa mdomo wake thamani iko wapi, yeye akacheka. Halafu mwenye shida akamwuliza kistaarabu, akacheka tena. Mtu anayejiita mkusanyaji wa vitu vya kale lakini hataki kujua vilikuwa vinafanya kazi gani, huyo hakusanyi, anahamisha vyombo.

Hili linawahusu na mastaa. Unavaa kamera ya filamu lakini hujawahi kuiwekea filamu hata moja. Filamu ni ghali, sawa, na kuipata ni shughuli. Lakini ukiweka moja tu kwa mwaka, picha 36, bibi yako atapata picha ambayo haitapotea siku simu yako itakapoibiwa mwendokasi. Leo Namungo wakicheza pale Majaliwa, Ruangwa, simu mia mbili ziko hewani kila goli. Baada ya miaka ishirini ni ngapi kati ya hizo video zitakuwepo? Babu na makopo yake ya maziwa kawashinda wengi wenye simu za milioni mbili.

Kwa mwenye babu, mjomba au jirani wa aina hiyo, hakuna haja ya mradi wala wafadhili. Zitoe negativu kwenye makopo, ziweke kwenye bahasha za karatasi, andika jina na mwaka kama mzee bado anakumbuka, weka mahali pakavu. Zinazonuka siki zimeanza kuoza na haziponi, zitenge na nyingine, na hizo ndizo uanze nazo. Zilizogandana usizivute kwa nguvu, utabandua sura za watu. Kisha simu moja iwe na skrini nyeupe mwanga mwisho, juu yake weka kipande cha kioo safi, juu ya kioo ukanda, simu nyingine ipige picha, halafu geuza rangi kwenye programu yoyote ya kuhariri. Siyo kazi ya kitaalamu sana, lakini sura inatoka.

Ila msikimbilie kuposti. Mle ndani kuna mama za watu, kuna walioachana, kuna picha za unyago ambazo hazikupigwa ili nyie mpate laiki. Zirudishwe kwa wenyewe kwanza. Mwenye sura yake akisema isitoke, isitoke. Na babu alipwe, siyo kutajwa tu kwenye kapsheni.

Sasa yule dada. Alikuta kopo moja limevujiwa na mvua za masika, negativu zimekuwa donge moja. La pili nusu kwa nusu. La tatu zima. Alikaa kwa babu siku mbili, akinyanyua ukanda mmoja mmoja dirishani, mama yake mdogo yupo pembeni anasaidia kutambua. Picha ile iliyoungua hawakuiona. Lakini kwenye harusi ya watu wengine kabisa, ukingoni mwa fremu ambayo bwana harusi hakuinunua, yupo binti kashika sinia la pilau, kageuka kidogo kama kaitwa na mtu. Mama mdogo akasema, huyo hapo.

Ndiyo picha pekee ya mama yake iliyopo. Haikuwahi kulipiwa na mtu. Kijana wa Dar aliiacha bure.

Wewe kwenu makopo yako wapi? Na yule muuzaji alikosea, au dada ndiye aliyepaniki? Dondosha maoni hapo chini, matusi hapana.