Sifuri Nayo Ni Hesabu

Kodi ni uti wa mgongo wa Taifa. Hospitali, skuli, barabara na mishahara ya watumishi wanaotuhudumia haviteremki kutoka mbinguni. Vinatokana na jasho la wananchi. Mkwepaji kodi ni mwizi wa mali ya umma, na hatuna neno la kumtetea. Tunalotaka kulijadili leo ni jambo jingine, nalo linawaumiza watu kimya kimya. Yupo mtu ambaye mwaka mzima hakupata pato lolote. Anatakiwa atamke mbele ya sheria kwamba hakupata, na asipotamka huadhibiwa.

Wapo wenzetu wa Visiwani watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Bara. Sivyo. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na imo katika orodha iliyoambatanishwa na Katiba ya mwaka 1977. Sheria yake hutungwa na Bunge linalokaa Dodoma, nayo inamfunga mwenye nyumba ya wageni kule Nungwi kama inavyomfunga mwenye duka kule Kibaigwa. Kwa hiyo yanayowapata watu wa nyanda kavu za kati yanatuhusu na sisi tulio baharini.

Nyanda hizo zina kumbukumbu ndefu juu ya kudaiwa kwa asiye nacho. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia tatu kwa kila nyumba, bila ya kuuliza kama ndani yake mna fedha au mna njaa. Waingereza wakafuata na sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa ya mwaka 1922. Asiyekuwa na fedha aliuza ng'ombe, au alikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, au alilipa kwa kufanya kazi za serikali. Tena Ugogo ilikuwa imetoka tu katika njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyozidishwa makali na majeshi yaliyochukua nafaka, mifugo na wapagazi. Hata baada ya Uhuru, kodi ya maendeleo, iliyokuja pamoja na kurejeshwa kwa serikali za mitaa mwaka 1984, ilimdai mtu kwa sababu ya umri wake, si kwa sababu ya pato lake. Vijana wengi vijijini walizoea kukimbilia porini walipomwona mtoza kodi. Serikali ilifanya vyema kuifuta mwaka 2003.

Ndiyo maana, Ndugu Mwigulu Nchemba, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati ule, alipopendekeza Bungeni mwezi wa Juni 2022 kwamba kila Mtanzania aliyetimiza miaka 18 na mwenye kitambulisho cha taifa apewe namba ya mlipakodi, wananchi waliingiwa na wasiwasi. Ni kweli kwamba namba si kodi. Lakini mtu ambaye babu yake alihesabiwa kichwa ili atozwe, hawezi kulaumiwa kwa kuuliza: nikihesabiwa leo, kesho nitadaiwa nini?

Jibu la haki lilikuwamo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ilipotungwa, ilimwondolea mkaazi ambaye hadaiwi kodi yoyote wajibu wa kupeleka ritani, isipokuwa Kamishna amtake kwa maandishi. Aidha, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato. Huo ni utu, na tunausifu. Shida ni kwamba wengi hawaujui, na kwamba utu huo unaishia mlangoni mwa kampuni. Kampuni iliyosajiliwa, hata kama haijauza msumari mmoja, inatakiwa kupeleka ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka wake wa hesabu kwisha. Tena ritani hiyo sharti iandaliwe au ithibitishwe na mhasibu mwenye idhini. Mtu asiye na kitu analazimika kumlipa mtaalamu ili amwandikie sifuri.

Na akichelewa? Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 iliweka adhabu kwa kila mwezi, au sehemu ya mwezi, wa kuchelewa: asilimia 2.5 ya kodi isiyolipwa, au kiwango maalumu, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kwa thamani ya wakati ule, kiwango hicho kilikuwa shilingi 75,000 kwa mtu binafsi na shilingi 225,000 kwa kampuni. Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Asilimia yoyote ya sifuri ni sifuri. Hesabu ya kwanza inamwachilia huru asiye na pato. Hesabu ya pili inamkamata. Kampuni iliyolala mwaka mmoja bila ya kutamka neno ingeweza kudaiwa shilingi 2,700,000, hali haikuwa na kodi hata senti moja ya kulipa.

Ni nani hao wanaokamatwa? Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, mji ule umejaa matumaini. Kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma husajili kampuni na wenzake wawili ili waombe zabuni. Zabuni isipopatikana, kila mmoja hushika njia yake, na kampuni hubaki hai katika majalada. Huku kwetu, mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege duniani, waliokuwa wakitembeza watalii Paje na Nungwi walikaa miezi bila ya mgeni. Hao si wakwepaji. Ni watu waliojaribu, na mambo yakawaendea kombo.

Watumishi wa mamlaka ya kodi watatujibu kwamba, kimya kikiruhusiwa, tajiri atajificha katika kundi la maskini. Hoja hiyo ina uzito, na hatuipuuzi. Serikali haiwezi kumtofautisha asiye na pato na anayelificha pato ikiwa wote wawili wamenyamaza. Ritani ya sifuri inayo faida hata kwa anayeipeleka: ni ushahidi wake siku atakapoulizwa, humrahisishia kupata hati ya kutodaiwa kodi anapotaka leseni, na biashara iliyopata hasara, ikiitaja, huweza kuipunguza hasara hiyo katika faida ya miaka ya mbele. Kwa hiyo hatusemi watu wasitamke. Tunasema kutamka kuwe kwepesi, na adhabu ilingane na kosa. Aliyeficha milioni na aliyesahau kuandika sifuri hawawezi kupimwa kwa mizani moja.

Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kuliona hilo. Kwao kila mwenye namba ya mlipakodi, hata mwanafunzi aliyeichukua kwa ajili ya kuomba mkopo wa masomo, hutakiwa kupeleka ritani si zaidi ya tarehe 30 Juni, ingawa hana pato. Adhabu ya mtu binafsi aliyechelewa ilikuwa shilingi 20,000 za huko. Mwaka 2018 ikateremshwa hadi 2,000. Wajibu ulibaki palepale, lakini mzigo ulipungua. Nasi pia tuna mfano wetu: katika mwaka huohuo wa 2018 Serikali ya Muungano ilitoa msamaha wa riba na adhabu za kodi. Lakini msamaha ni mvua ya msimu. Sheria nzuri ni kisima.

Tunaishauri Serikali, na hasa Waheshimiwa Wabunge wakutanapo Dodoma, mambo manne. Kwanza, asiyedaiwa kodi asitozwe faini kabla ya kuonywa kwa maandishi na kupewa muda wa kujirekebisha. Pili, kampuni isiyofanya biashara iruhusiwe kutamka sifuri kwa fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, bila ya kulazimishwa kumtafuta mhasibu. Tatu, fomu hiyo ipatikane kwa sheha na kwa mtendaji wa kata, kwani si kila mkulima wa Bahi au wa Micheweni anayeweza kuifikia kwa mtandao. Nne, kufunga biashara kuwe kwepesi kama kuifungua, maana penye mlango mwembamba wa kutokea ndipo wajanja husema penye udhia penyeza rupia.

Na wananchi nao wana lao la kufanya. Asiye na pato asijifiche. Aende, atamke, na aombe stakabadhi ya kupokelewa kwa taarifa yake. Aliyefunga duka asidhani kwamba kufuli ya mlangoni imefunga na jalada la ofisini.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya asiye na pato ni ndogo mno: kuaminiwa anaposema hana, mpaka ithibitike kwamba anadanganya. Taifa halitapungukiwa na chochote kwa kumpa haki hiyo, kwa kuwa faini inayotozwa mfukoni mwa asiye na kitu haijengi barabara wala haimsomeshi mtoto. Inamfundisha tu kukimbilia porini, kama walivyokimbia waliomtangulia.