Duara la ngano Uingereza, uwanda mtupu Lubumbashi

Ndugu wasikilizaji, wa hapa na ninyi mliokimbilia hapa, zile picha zimerudi tena kwenye simu: shamba la ngano la Uingereza, ngano imelazwa chini kwa mduara safi, na chini ya picha mtu ameandika kwamba ni malaika au viumbe wa angani. Tusipotezeane muda. Mwaka 1991 wanaume wawili wa huko, Doug Bower na Dave Chorley, walijitokeza gazetini wakaeleza kwamba wao ndio waliokuwa wakifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1970, usiku, kwa ubao na kamba. Unakanyaga ubao, ngano inalala. Asubuhi watu wanatoka mbali kuja Wiltshire kuitembelea. Baadhi ya wenye mashamba wakaamua kutoza pesa mlangoni, na mimi siwalaumu, maana chakula chao kimekanyagwa.

Familia iliyotoka Mitwaba au Pweto ikaacha muhogo wake ardhini haiwezi kucheka mchezo huo. Lakini kinachonikera zaidi ni sisi wenyewe. Tunauliza "nani alifanya?" kwa shamba la Uingereza, na kwa ardhi yetu tunanyamaza.

Maduara tunayo hata hapa. Mahindi yanayostawi kwa mviringo mahali palipokuwa na kichuguu ni kazi ya mchwa, na ni kazi nzuri. Alama ya pili ni ile ya kaskazini-magharibi ya bomba la moshi la Gécamines, upande wa Penga Penga. Hapo miti ilikufa, udongo ukachukuliwa na mvua, zikabaki nyasi fupi na ardhi tupu. Aliyefanya anajulikana. Kiwanda kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, chini ya Union Minière, na tangu 1967 kikawa cha Gécamines. Upepo wetu mwingi unatoka kusini-mashariki. Kwa miaka mingi ulibeba moshi wenye shaba, risasi, zinki, kadmi na aseniki, ukaviangusha upande huo huo. Na sisi tunapigwa picha mbele ya bomba lile tukijivuna. Huo ndio utalii wetu wa duara!

Najua jibu litakalokuja: Gécamines ilitupa kazi, hospitali, shule. Ni kweli, baba zetu wengi walikula mshahara wake. Lakini mshahara wa baba hauondoi risasi katika udongo ambao mtoto anauchezea leo.

Wengine wanasema: mbona lengalenga inaota pale, tena ya kijani? Kuota si kupona. Vumbi lililo juu ya jani unaweza kulisafisha kwa maji, lakini kile ambacho mzizi umevuta hakitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu huko Penga Penga kupanda nyasi za asili, mojawapo inaitwa Microchloa altera, kwa kuongeza chokaa na mboji. Lengo lilikuwa kuushika udongo wenye sumu usisambae kwa upepo na maji. Hawakusema watu wapande sombe.

Sasa mvua inakaribia, na kila familia iliyokimbia vita inatafuta kipande cha kulima. Mgeni huonyeshwa ardhi ambayo hakuna mwingine anaitaka. Anashukuru, maana hajui kwa nini ni tupu, na mwenye kumwonyesha mara nyingi anajua. Huo ni ukatili, hata ukifanywa kwa tabasamu na kwa bei ndogo.

Wakubwa wa komini wasitugawie maneno ya huruma. Kitivo cha kilimo kiko katika mji huu huu. Kipande chochote kitakachopewa wakimbizi upande ule kipimwe kwanza, na matokeo yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, yasomeke. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka mwenye haki ya kuchimba alipe madhara ya kazi yake kwa watu na mazingira. Basi gharama ya kupima isiwekwe juu ya mama anayeuza mkaa.

Na wewe unayeonyeshwa kiwanja wiki hii, kabla ya kutoa hata franka moja tazama kama kuna miti karibu, kisha uliza mbele ya mashahidi: udongo huu ulipimwa lini, na nani?